Bomba la Shemeji

Mpenzi msomaji, najua umezoea ukifika ukurasa huu unikute nahangaika na wivu, mawifi, na yule mchumba ambaye ikishafika saa mbili usiku simu yake haipatikani. Mwezi huu tunaongea ekzosi ya pikipiki. Subiri, usifunue! Nimeiona ndoa changa ikiyumba kwa sababu ya bomba la moshi, na nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya mti nikimwangalia fundi akilifungua bomba hilo na kulifunga upya, huku wenye bomba nao wakifunguka.

Ndoa yenyewe iko Nyambureti, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Sisi wa mjini tukisikia Serengeti tunaona simba na watalii. Wenyeji wao wanaona mashamba ya mahindi na mtama, ng'ombe, na safari ya vumbi kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, kufuata kila kitu ambacho duka la kijijini halina. Huko pikipiki ndiyo daladala, ndiyo pikapu, na mama mjamzito akizidiwa usiku ndiyo ambulensi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni muuguzi huko. Mumewe ni bwana shamba, au afisa ugani kama kitambulisho kinavyosema. Wote wana elimu yao, hawajafika miaka 35, na wana binti mmoja wa miaka mitatu. Majina siyataji. Wameniruhusu niandike kwa sharti hilo, na mdogo wangu akaongeza la kwake: nisimpendelee shemeji.

Shemeji ana Boxer ya cc 150. Bomba lake la kiwandani lilikuwa limeliwa na kutu kwa chini mpaka likatoboka, kwa hiyo kubadilisha ilikuwa lazima, hilo hata mdogo wangu habishi. Angeweza kupata la aina ile ile Mugumu. Yeye alikwenda semina Tarime, na aliporudi nyuma ya pikipiki kulikuwa na kitu kimezungushiwa magazeti: bomba la kispoti, jeusi, fupi, mdomo umeinuka juu. Aliyemuuzia alisema limevuka mpaka pale Sirari, kutoka Kenya. Vijana wa kijiweni walilizunguka, wakalikagua, wakatoa hukumu kwa neno moja: bomba! (Kama na wewe ulikuwa kijana miaka ya 2000 unakumbuka neno hilo lilivyokuwa kila mahali. Nguo bomba, wimbo bomba, demu bomba. Pale kijiweni bado linaishi.)

Hela ilitoka wapi? Ilitoka kwenye bahasha ya mabati. Hawa wanandoa wana kiwanja, wana kuta zilizofika kwenye linta, na wana bahasha ambayo kila mwezi kila mmoja anatia chake ili mabati yapatikane kabla ya masika. Shemeji alichukua humo bila kusema. Mpango wake ulikuwa kurudisha kimya kimya mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi si unaujua ulivyo.

Siku za mwanzo hata mdogo wangu alilipenda lile bomba. Akimsikia mumewe bado yuko mbali, anabandika maji ya ugali. Shemeji akizima pikipiki na kunawa, chakula kiko mezani. Raha iliyoje. Wapo walioiona thamani ya mlio wa namna hiyo kabla yao: mwaka 1994 kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani iliomba mlio wa pikipiki zake usajiliwe kama alama ya biashara, washindani wakapinga, wakavutana mpaka mwaka 2000 kampuni ikaliacha ombi. Yaani mlio ni kama sura, watu wanakujua nao.

Sasa tatizo la sura ya namna hiyo ni kwamba huwezi kuifunika. Kijiji kizima kilijua bwana shamba katoka saa ngapi, kapitia wapi, karudi lini. Halafu ikaja Alhamisi moja. Saa mbili usiku mdogo wangu alisikia bomba linakuja, akabandika maji. Bomba likafika usawa wa nyumba, halikupunguza mwendo, likapita. Maji yakachemka, akayaepua. Saa tano kasoro bomba likarudi. Shemeji akaingia, akasema amechoka, akala ugali wa baridi akalala. Mke hakuuliza. Mume hakusema. Alhamisi iliyofuata, hivyo hivyo.

Chuoni, nilikosomea mawasiliano, tulianza na mchoro wa mhandisi wa Kimarekani Claude Shannon wa mwaka 1948. Upande huu mtuma ujumbe, upande ule mpokeaji, na katikati kitu kinaitwa kelele. Kwa Shannon kelele si lazima isikike kwa sikio. Ni chochote kinachoingilia ujumbe njiani mpaka ukafika umeharibika. Miaka ile niliuona mchoro huo ni wa kujibia mtihani tu. Pale Nyambureti niliona watu wawili ambao mmoja alikuwa anamsikia mwenzake kutoka kilomita nzima na hajui hata kidogo anafanya nini.

Wiki mbili baada ya Alhamisi ile ya kwanza, mguu ukaungua. Walikuwa wametoka kanisani, mtoto kambeba mgongoni, akashukia upande wa kulia. Wadada, hili mlishike: pikipiki nyingi za kwetu, Boxer na TVS zikiwemo, bomba liko kulia. Panda kushoto, shukia kushoto, hata kama kushoto kuna tope. Lile la zamani lilikuwa na bati la kukinga joto. Hili la kispoti halikuwa nalo, na tena lilikuwa limekaa vibaya, limeinama kuelekea ndani pale mguu wa abiria unapokaa. Ndama ya mguu ikagusa, ikabaki alama ndefu kama dole gumba.

Yeye ni muuguzi, kwa hiyo alijua la kufanya, na amesisitiza niliandike. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, si dakika mbili. Si barafu. Si dawa ya meno, si yai, si siagi. Malengelenge usiyatoboe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na kama limekuwa kubwa au ni la mtoto, nenda kituoni. Anasema anaowahudumia kwa kuungua na ekzosi wengi huwa wamefika wameshapakwa Colgate.

Kuanzia hapo akaacha kupanda. Akawa anakwenda kazini kwa miguu, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Watu wakimuuliza anasema anafanya mazoezi. Kijijini! Mahali ambapo mtu akilima asubuhi amemaliza mazoezi ya wiki.

Mimi nilifika Desemba, likizo. Nikaikuta nyumba tulivu, kila mtu anaongea na mtoto. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nakuja." Nyie mnaoishi hivyo mnajijua. Na nje kuna bomba ambalo sasa lilikuwa linapiga baruti kila shemeji akiachia mafuta, pa! pa!, na bolti ya nyuma inayolishikilia ilikuwa imekatika mara ya pili. Nikamuuliza shemeji kwa nini asiliuze tu. Akaniambia, uso mkavu kabisa, "Shemeji, hili linafukuza tembo." Ni kweli huo ukanda uko jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na tembo wakitoka wanaweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja. Ni kweli pia watu wanawafukuza kwa tochi na kelele. Lakini tembo ana akili, kelele isiyomdhuru anaizoea. Mke ndiyo alikuwa hajazoea.

Jumamosi tukaenda kwa fundi wote wanne. Mdogo wangu alikuja kwa sababu yangu, alitembea nyuma na mimi, shemeji akasukuma pikipiki mbele.

Fundi mwenyewe kijana, mpole, anaongea na chuma zaidi kuliko na watu. Akachuchumaa, akaliangalia bomba kwa nyuma kama mtu anayelenga manati, akasema, "Bwana shamba, hili halijafungwa. Limelazimishwa."

Naomba nikueleze alichotuonyesha, kwa sababu ekzosi ambazo si za pikipiki husika ziko kila mji na wengi mnazifunga hivyo hivyo. Bomba linashikwa sehemu mbili kubwa. Mbele kuna shingo, inaingia kwenye silinda hedi, inabanwa na kisahani chenye matundu mawili kwa nati mbili, na katikati kuna gasketi ya duara inayozuia moshi usivuje. Nyuma kuna breketi na bolti moja inayolifunga kwenye bodi. Bomba lililotengenezwa kwa pikipiki nyingine shingo inaweza kuingia vizuri tu, lakini tundu la nyuma likakosana na tundu la bodi, pengine kwa vidole viwili. Aliyelifunga mwanzo alianza kwa kukaza shingo mpaka mwisho. Halafu akalivuta bomba kwa pinde ya kutolea tairi mpaka matundu yakaonana, akapenyeza bolti, akakaza, akapokea hela.

Kwa macho limefunga. Ila chuma kilichovutwa kinabaki kinataka kurudi kilikotoka. Injini ikiwaka inatetemeka, ekzosi inapata moto na kutanuka, haina pa kwenda. Kwanza inakatika bolti ya nyuma. Ukiweka bolti ngumu zaidi, kama alivyofanya shemeji mara ya kwanza, unahamisha ugomvi tu, itapasuka penye welding. Ukiimarisha na hapo, zitaanza kung'oka stadi za kwenye silinda hedi, na silinda hedi ni aluminiamu, hapo ndugu yangu utauza mbuzi. Na kwa kuwa nati moja ilikazwa kabla ya nyingine, gasketi ilibanwa upande mmoja, upande wa pili moshi unavuja na hewa ya nje inaingia. Ndiyo ile baruti. Fundi alipoitoa gasketi akatuonyesha: upande mmoja imekuwa karatasi, upande wa pili nene na nyeusi ya masizi.

Kabla ya kufungua aliacha injini ipoe kabisa, akazimiminia nati mafuta akaziacha zinywe, maana nati yenye kutu ukiilazimisha inakata stadi. Akakwangua pale gasketi inapokaa mpaka pakang'aa, akaweka gasketi mpya. Wewe usirudishe ya zamani, hata kama inaonekana nzima. Kisha akazungusha nati zote kwa vidole, mbele na nyuma, bila spana. Bomba likawa linaning'inia, linacheza. Akaliachia likae lenyewe linavyotaka, akapima pengo lililobaki nyuma. Hakulivuta. Alikata kipande cha bapa la chuma, akatoboa tundu refu badala ya duara ili liweze kusogezwa, akakipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya welding. Yaani breketi ndiyo ililifuata bomba.

Hapo ndipo alipogeuka akasema, "Sasa kaeni wote wawili. Kama mnavyosafiri."

"Mimi sipandi hiyo," mdogo wangu akasema.

"Nesi, nisipopata uzito wako nitafunga kwa kubahatisha. Shokapu zikibonyea bomba linabadilika linapokaa. Linaweza kugusa tairi, au likuguse tena mguu."

Akaniangalia. Nikamchukua mtoto. Akapanda, kushoto, akakaa nyuma ya mumewe, mikono yote miwili ameshika chuma cha nyuma. Fundi akalala chini kifudifudi na tochi ya simu. Akapima nafasi kati ya bomba na tairi, akasogeza kidogo, akauliza mguu wake huwa unakaa wapi, akasogeza tena. Ilichukua muda. Na mtu ukikaa nyuma ya mtu muda mrefu bila kwenda popote, nadhani maneno yanatafuta njia.

"Ile Alhamisi," akauambia mgongo wa mumewe, "ulipita nyumbani saa mbili. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ipi?"

"Unaijua."

Shemeji akakaa kimya. Mimi nikajifanya namwonyesha mtoto kuku.

"Nilikuwa nabeba abiria," akasema. "Wa mnadani. Nilitaka nirudishe hela ya mabati kabla hujahesabu."

"Nilihesabu siku ya tatu."

Kutoka chini ya pikipiki fundi akasema, "Naomba msitikisike."

Mimi nilitaka kucheka, nilitaka na kulia. Miezi miwili mwanamke alikuwa amebeba mambo mawili moyoni: hela anajua imechukuliwa, na usiku hajui mumewe yuko kwa nani. Hilo la pili halikuwepo kabisa. Ila usidhani alishukuru. Alimwambia kwamba afisa mzima anabeba abiria usiku, njia hizo, akipata ajali yeye ataambiwa na nani, na kwamba angemwuliza tu asingekataa bomba, angekataa kuibiwa. Neno hilo, kuibiwa, lilimpiga. Nililiona kwenye shingo yake.

Hapa naweka msimamo wangu maana barua nyingi mnazoniandikia zinasema "nilimficha ili nisimuumize." Sikubaliani nayo. Shemeji alificha ili asionekane amekosea, na kulipa kimya kimya ni sehemu ya kuficha. Nilimwambia hivyo mwenyewe, jioni, na alikubali nusu.

Turudi chini ya pikipiki. Nafasi ilipopatikana fundi akaanza kukaza, wao bado wako juu. Nati za shingo kwanza, kwa zamu: robo mzunguko hii, robo mzunguko ile, mpaka kisahani kikakaa sawa pande zote. Halafu klempu ya katikati. Breketi ya nyuma mwisho kabisa, na bolti iliingia kwa kidole bila kusukumwa. Ukiona ya kwako inahitaji nyundo, rudi mwanzo.

Likabaki suala la kelele. Kumbe mabomba mengi ya aina hii huja na kikopo cha ndani cha kupunguza sauti, kinafungwa kwa skrubu moja pale mdomoni, na muuzaji alikuwa amekitoa "ili lisikike." Shemeji alikuwa nacho ndani ya kasha la zana, hajui ni cha nini. Kikarudishwa. Vijana wa kijiweni walisikitika. Lakini wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema sauti ya desibeli 85 unaivumilia saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Ikifika 94 una saa moja tu kabla masikio hayajaanza kulipa. Anayeumia wa kwanza ni aliyeko juu ya pikipiki. Na hapa nchini tuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, kwa hiyo mjini usishangae ukisimamishwa. Nguvu nayo usiitarajie. Kwa injini ya silinda moja ya cc 150, ukibadilisha bomba peke yake unachopata zaidi ni mlio.

Aliwasha, akaziba mdomo wa bomba nusu kwa kitambaa kinene akisikiliza shingoni kama panapuliza. Hapakupuliza. Baruti ikaisha. Alimwagiza shemeji mambo matatu: injini ikishapoa jioni akaze tena zile nati, baada ya wiki akaze tena, na aangalie rangi ya plagi. Ikiwa kahawia hafifu, sawa. Ikiwa nyeupe, mafuta ni kidogo kuliko hewa, aje arekebishiwe kabureta kabla injini haijaungua. Akataka pia bati la kukinga joto, akasema atalitengeneza Jumatatu, na mdogo wangu akamwambia hapandi mpaka Jumatatu.

Tukarudi kama tulivyokuja, sisi wawili kwa miguu, ila safari hii shemeji alisukuma pikipiki pembeni yetu badala ya mbele. Usiku niliwasikia wanaongea chumbani mpaka nikapitiwa na usingizi. Kuna mahali sauti zilipanda. Hela ya abiria ikawekwa mezani asubuhi, ikahesabiwa na wote wawili, ikaingia kwenye bahasha, na bahasha ikahamia kazini kwa mke. Shemeji hakufurahia, lakini hakubisha.

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wake mdogo wangu. Anasema bati la kukinga limefungwa, anapelekwa kazini kila siku, nati moja ilikuwa imelegea kidogo wakaikaza. Alama ya mguuni haijaondoka. Mabati bado 14.